Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mji wa Brighton na Historia ya Kwenda Pwani Kupumzika

Wahenga wa pwani walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huchukuliwa kuwa ni ya ukarimu, na aghalabu hutamkwa mlangoni, sinia ikiwa njiani. Lakini ipo miji duniani ambayo maneno haya yamekuwa ndiyo maisha yake yote: miji iliyonenepa kwa wageni, na wageni walipopungua ikakonda. Mmojawapo ni mji wa Brighton, ulioko kusini mwa Uingereza, ukiukabili mlango wa bahari unaoitenganisha nchi hiyo na Ufaransa, masafa yasiyotimia kilomita 90 kutoka London.

Mtu apangaye leo kwenda huko kwa likizo huuliza mambo matatu: nauli, malazi na hali ya hewa. Ni masuali ya haki, na makala haya yatayafikia. Lakini liko suali la nne linalopaswa kuyatangulia hayo, nalo ni hili: ilikuwaje binaadamu akaona kwamba ufukoni, mahali pa nyavu na mashua, ni mahali pa kwenda kupumzika? Na fikra hiyo ilipoingia, nani alipona na nani alisukumwa kando? Brighton inafaa kuulizwa suali hilo, kwa kuwa karibu kila hatua ya historia ya likizo ya pwani ilipita katika mji huo, na nyingi kati ya hizo zimeacha jengo, kaburi au uwanja ambao mgeni anaweza kwenda kuutazama.

Bahari ya wavuvi

Jina la kale la mji huo ni Brighthelmstone. Ulikuwa mji wa wavuvi, nao waliitazama bahari kama mkulima anavyolitazama shamba lake: pale pana riziki, na pale pana hasara. Hatari ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ilitoka kwa watu: mwaka 1514 Wafaransa waliushambulia mji kutokea baharini wakautia moto. Ya pili ilitoka kwa maji yenyewe: mwaka 1703, na tena mwaka 1705, tufani kubwa zilivunja nyumba za wavuvi zilizokuwa chini, karibu na maji. Uhai wa mji ukabakia juu, katika vichochoro vyembamba ambavyo mpaka leo vinaitwa The Lanes. Mzawa wa Mji Mkongwe au wa Lamu akiingia humo hataona ajabu ya njia isiyopitisha watu wawili waliobeba mizigo.

Kando ya vichochoro hivyo palikuwa na uwanja wa majani ulioteremkia baharini, unaoitwa Steine. Hapo wavuvi walianika nyavu zao na kuzishona, na dhoruba ilipochacha walipandisha mashua zao hapo. Uwanja huo ulikuwa wa watu wote kwa ada ya miaka mingi. Msomaji auweke akilini, kwa kuwa habari zake zitarejea.

Tabibu na wazamishaji

Mwaka 1750 tabibu mmoja wa mji jirani wa Lewes, Richard Russell, alichapisha kitabu kwa Kilatini juu ya matumizi ya maji ya bahari katika maradhi ya tezi. Baada ya muda mfupi kitabu kikatafsiriwa kwa Kiingereza, na wenye mali wakakisoma kama mgonjwa asomavyo barua ya matumaini. Dawa yake ilikuwa kuoga baharini na, kwa wengine, kuyanywa maji hayo hayo. Mvuvi yeyote wa Brighthelmstone angeweza kumwambia kwamba maji ya chumvi hayakati kiu. Lakini mvuvi hakuandika Kilatini. Mwaka 1753 Russell alijijengea nyumba kubwa ukingoni mwa Steine, mbele ya bahari, ili wagonjwa wamfuate huko. Alifariki mwaka 1759, na wakati huo njia ilikuwa imekwishafunguka.

Kupanga safari ya pwani katika zama hizo kulikuwa jambo zito. Kulianza kwa shauri la tabibu. Kukafuatia kukodi gari la farasi, kustahimili barabara mbovu, kisha kukodi nyumba kwa wiki kadhaa, maana hakuna aliyekwenda kujitibu kwa siku mbili. Watumishi walitangulia au walifuata na masanduku. Kwa hiyo aliyepanga alikuwa mwenye mali, naye alikwenda kwa jina la ugonjwa hata kama hakuwa mgonjwa sana. Starehe ilihitaji kisingizio, na maji ya bahari yakawa kisingizio hicho.

Hata kuingia majini kulikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa alipanda katika kibanda cha mbao chenye magurudumu, akabadili nguo ndani huku farasi akikikokota mpaka majini. Huko alipokewa na watu wa kazi maalumu. Wanawake walipokewa na wanawake wenye mikono ya nguvu, ambao waliwashika na kuwazamisha, kisha kuwatoa kabla pumzi haijawaishia. Aliyepata umaarufu kuliko wote ni Martha Gunn, aliyezaliwa mwaka 1726 katika jamaa za mji huo na kufanya kazi hiyo mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1815, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Nicholas, na kaburi lake bado lipo. Picha yake ilichorwa na kuuzwa, na mwana wa mfalme alimjua kwa jina. Hapo methali ilitimia kwa maana zake zote mbili: mgeni alikuja kuponywa, na mkono wa mwenyeji uliomzamisha ukapata ujira.

Kasri ya makuba

Mwana wa mfalme huyo ni George, mrithi wa kiti cha Uingereza. Alifika Brighton kwa mara ya kwanza mwaka 1783, akiwa na umri wa miaka 21, kijana wa mavazi, muziki, farasi na madeni. Palimpendeza kwa kuwa palikuwa mbali na macho ya baba yake. Mwaka 1785 alimuoa kwa siri Maria Fitzherbert, mjane wa madhehebu ya Kikatoliki, ndoa ambayo sheria ya nchi haikuitambua. Naye Maria akawa na nyumba yake hapo hapo karibu na Steine. George alipanga nyumba ya shamba, na mwaka 1787 mjenzi Henry Holland akaigeuza kuwa jumba la fahari la kiasi. Baadaye kiasi kikaondoka. Kati ya mwaka 1815 na 1823 mjenzi John Nash alilivika jumba hilo makuba na minara ya kuigiza Bara Hindi, na ndani yake likapambwa kwa namna iliyodhaniwa kuwa ni ya Kichina, kwa majoka, mianzi na taa zenye umbo la yungiyungi.

Si George wala Nash aliyewahi kufika India. Kasri hiyo, inayoitwa Royal Pavilion, ni Mashariki iliyootwa na watu waliobaki Magharibi. Mtazamaji kutoka pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kuona milango ya Gujarati, kaure za China na nakshi za Kiarabu katika nyumba moja, atatambua haraka tofauti: kwao vitu hivyo vililetwa na pepo za musimu na watu waliovijua, huko Brighton vililetwa na vitabu vya picha. Hata hivyo kasri inapendeza, na ukumbi wake wa muziki huwanyamazisha hata wanaokuja kucheka.

Mwana wa mfalme alipokwenda, waliotaka kuonekana naye walifuata, na mji ukajengwa kwa ajili yao. Hesabu ya watu ya mwaka 1801 ilikuta wakaazi zaidi ya 7,000. Ile ya mwaka 1851 ilikuta zaidi ya 65,000. Miji mingine ya pwani iliona wivu ikaanza kujipangia mustakabali kama huo. Mwandishi Jane Austen aliliona jambo hili mapema. Katika riwaya yake ya mwaka 1813, Pride and Prejudice, Brighton ndipo anapopotelea binti mdogo wa familia, aliyeruhusiwa kwenda likizo bila ya kuangaliwa. Na riwaya aliyokuwa akiiandika mwaka 1817, mwaka wa kifo chake, inayojulikana kwa jina la Sanditon, inahusu watu waliokata shauri ya kukigeuza kijiji cha pwani kuwa mji wa wageni. Haikumalizika, lakini shauri lenyewe liliendelea katika kila pembe ya Uingereza.

Na wavuvi je? Wageni walitaka mahali pa kutembea jioni, na hapakuwa na mahali bora kuliko Steine. Nyavu zilinuka na ziliwanasa miguu. Kuanzia robo ya mwisho ya karne ya 18 uwanja ukaanza kuzungushiwa ua kwa ajili ya waungwana, na baadaye ukapandwa bustani. Nyavu zikasukumwa ufukoni. Wavuvi walilalamika kwa haki yao ya ada, wala malalamiko yao hayakuurejesha uwanja. Hapo methali ikapinda: mgeni alikuja, na mwenyeji mmoja akapona, na mwengine akaondolewa njiani ili mgeni apite.

Mtu wa Patna

Wenyeji wa Brighton hawakuwa Waingereza pekee. Mwaka 1814 aliingia mjini humo mtu aliyezaliwa Patna, India, mwaka 1759, jina lake Sake Dean Mahomed. Alilelewa katika jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India, akahamia Ireland mwaka 1784, akaoa huko. Mwaka 1794 alichapisha kitabu cha safari zake, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya awali kabisa kuandikwa kwa Kiingereza na mtu wa India. Mwaka 1810 alifungua London mkahawa wa vyakula vya Kihindi, ukafilisika. Alipofika Brighton alikuwa mtu wa makamo aliyepoteza mali, akaanza upya.

Alichokileta ni hamamu ya mvuke wenye manukato ya mitishamba, pamoja na ustadi wa kumkanda mtu viungo vyake. Katika mji uliojaa wagonjwa waliokwisha kuzamishwa katika maji ya baridi, mvuke wa moto na mkono wa mkandaji ulikuwa rehema. Walioingia na magongo na kutoka bila ya magongo waliyaacha kwake, naye akayatundika ukutani kuwa ushahidi. Wafalme wawili, George wa Nne na William wa Nne, walimteua kuwa mkandaji wao rasmi. Alifariki mwaka 1851, akazikwa katika kanisa lile lile alilozikwa Martha Gunn.

Kazi yake aliiita kwa neno alilotoka nalo kwao, lenye maana ya kukanda na kubonyeza mwili. Waingereza walilitamka kwa ulimi wao, baadaye wakalihamishia kwenye kuosha nywele, na kwa njia hiyo likafika katika bafu za Unguja na Mombasa kwa jina la shampuu. Jambo lenyewe halikuwa geni pwani. Watu waliojua kusinga na kukanda, na walioingia katika hamamu aliyoijenga Sayyid Barghash katika Mji Mkongwe, mtaa ambao mpaka leo unaitwa Hamamni, wasingehitaji kuelezwa na Dean Mahomed alikuwa akiuza nini.

Si kila aliyekwenda Brighton kutafuta afya aliipata. Kuanzia mwaka 1824 mchoraji John Constable alimpangia mkewe Maria nyumba huko pamoja na watoto, kwa kuwa alikuwa na kifua kikuu na matabibu walisema hewa ya bahari ingemfaa. Mchoraji alikuja na kurudi baina ya London na pwani, akichora mawingu, mashua na mvua inayokaribia. Hakupendezwa na msongamano wa watu wa starehe. Alichora zaidi watu wa kazi. Picha yake kubwa ya gati la minyororo, lililojengwa mwaka 1823, ina wavuvi na vyombo vyao mbele, na gati la wageni limewekwa nyuma, chini ya wingu zito. Maria alifariki mwezi Novemba 1828. Picha ilibaki, nayo ni moja katika kumbukumbu za ukweli kabisa za mji huo, kwa kuwa aliyeichora hakuja kustarehe.

Reli, sheria na umma

Tarehe 21 Septemba 1841 njia ya reli kutoka London ilifika Brighton. Safari iliyokuwa ikichukua nusu ya mchana kwa farasi ikawa ya saa mbili au pungufu. Malkia Victoria, aliyemrithi William wa Nne, hakuipenda kasri wala macho ya watu waliomfuata kila alipotembea. Hakurejea tena baada ya mwaka 1845, na serikali ikakusudia kuiuza. Jumba likavuliwa mapambo yake yakapelekwa London, na ilibaki kidogo tu livunjwe. Mwaka 1850 wakuu wa mji walilinunua kwa pauni 53,000, baada ya ubishi mkali baina ya waliosema ni mzigo na waliosema ni urithi. Kwa tendo hilo, nyumba ya starehe ya mfalme ikawa mali ya wenyeji, ikafunguliwa kwa watu. Sehemu kubwa ya mapambo yaliyochukuliwa ilirudishwa baadaye.

Reli iliwaleta watu ambao mwana wa mfalme hakuwafikiria: makarani, mafundi, watumishi wa maduka, na familia za wafanyakazi waliopanda treni za bei nafuu siku ya mapumziko. Mpango wao ulikuwa wa namna nyingine. Hapakuwa na tabibu wala masanduku. Palikuwa na pensi zilizowekwa wiki baada ya wiki, kikapu cha chakula, na treni ya kurudi jioni. Wenye uwezo waliposikia sauti zao ufukoni, wengi walihamishia msimu wao kwenye miezi ya baridi, wakawaachia umma miezi ya joto.

Sheria ilifuata nyuma ya reli kwa mwendo wa pole. Mwaka 1871 bunge lilipitisha sheria ya siku za mapumziko ya benki, na Jumatatu ya kwanza ya Agosti ikawa siku ya umma kumiminika pwani. Mwaka 1866 lilifunguliwa gati la magharibi, na mwaka 1899 likafunguliwa lile linaloitwa Palace Pier. Gati hizi zilijengwa kwa ajili ya miguu ya watu, kwenda juu ya maji na kurudi bila ya kupanda chombo. Mwaka 1883 fundi Magnus Volk alianzisha kandokando ya ufuo reli ndogo ya umeme, ambayo sasa ndiyo ya zamani kuliko zote zinazoendelea kufanya kazi duniani.

Mwaka 1938 ikaja sheria ya likizo yenye malipo, iliyowafungulia mamilioni ya wafanyakazi njia ya kupata wiki moja ya mapumziko bila ya kukatwa ujira. Mwaka huo huo Graham Greene alichapisha riwaya yake Brighton Rock, iliyopewa jina la peremende ngumu inayouzwa ufukoni, ambayo jina la mji huandikwa ndani yake mwanzo hadi mwisho, hata ikivunjwa vipi. Katika riwaya hiyo mtu anawindwa auawe katikati ya umati uliokuja kufurahi, na umati haujui. Umma ulikuwa umepata haki ya kupumzika, lakini haki hiyo haikudumu mikononi: mwaka 1939 vita vikaanza, na mwaka 1940 ufuo ukazungushiwa seng'enge na kutegwa mabomu, na gati zote mbili zikakatwa katikati ili adui asiteremkie hapo.

Wageni wasiopanga kuja

Katika vita vya kabla ya hivyo, Brighton ilipokea wageni ambao hawakupanga safari yao. Kuanzia Disemba 1914 kasri ya makuba iligeuzwa hospitali ya askari wa India waliojeruhiwa Ufaransa na Ubelgiji. Mwezi mmoja kabla yake wenzao wengine kutoka India walikuwa wameteremshwa Tanga kupigana na Wajerumani, na wengi wakaacha roho zao katika minazi na mashamba ya katani. Walioletwa Brighton waliamka chini ya majoka ya kioo na dari zilizochovywa dhahabu, katika jumba lililoigiza nchi yao bila ya kuijua. Palitengwa majiko mbalimbali na mabomba mbalimbali ya maji, ili Waislamu, Wahindu na Masingasinga kila mmoja ahifadhi dini yake. Hospitali hiyo ilidumu mpaka Januari 1916.

Yapo mawili ya kusema juu ya jambo hili, na yote ni kweli. Wauguzi na matabibu walifanya kazi yao, na maisha ya watu wengi yaliokolewa. Na wakati huo huo picha za majeruhi katika vyumba vya kifalme zilisambazwa ili India ione jinsi inavyotunzwa na iendelee kuleta vijana wake. Wahindu na Masingasinga 53 waliofariki walichomwa kwa ada zao juu ya vilima vilivyo nje ya mji; Waislamu walipelekwa kuzikwa Woking, karibu na msikiti wa Shah Jahan uliojengwa mwaka 1889. Mwaka 1921 mahali pa kuchomea maiti palisimamishwa kuba ya marumaru nyeupe iitwayo Chattri. Hakuna gari linalofika mlangoni pake. Lazima mtu atembee kwa miguu malishoni.

Apangaye leo

Baada ya vita vya pili watu walirudi kwa wingi. Lakini kuanzia miaka ya 1960 ndege za bei nafuu ziliwapeleka Waingereza kwenye jua la uhakika la Uhispania, na miji mingi ya pwani yao ikachakaa. Gati la magharibi lilifungwa mwaka 1975, likaporomoka mwishoni mwa mwaka 2002, na mwaka 2003 likaungua moto. Mifupa yake ya chuma imesimama majini kama jahazi lililovuliwa mbao. Brighton ilinusurika kuliko wenzake kwa kuwa ilikuwa na vyuo, wasanii na reli ya London, na kwa kuwa ilikuwa na kasri ambayo mwaka 1850 haikukubali kuipoteza.

Kwa hiyo apangaye kwenda na ajue haya. Treni kutoka kituo cha Victoria, London, huchukua kiasi cha saa moja, na kituo cha Brighton kiko juu ya mteremko unaomwelekeza mtu baharini bila ya kuuliza njia. Ufuo wake si wa mchanga. Ni wa kokoto za mviringo, na anayetembea pekupeku ataumia. Maji yakitoka sana ndipo mchanga huonekana kidogo. Bahari ni ya baridi kwa aliyezoea Bahari ya Hindi, nayo hupata joto lake la juu mwezi Agosti na Septemba. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na mwezi Disemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Asiyezingatia hilo atachanganyikiwa katika ratiba yake na katika sala zake. Mwezi Mei kuna tamasha kubwa la sanaa, lililoanza mwaka 1967, na wakati huo vyumba hupanda bei. Vivyo hivyo wikendi zote za majira ya joto. Anayetaka utulivu na aende siku za katikati ya wiki, hata katika baridi, ambapo jioni makundi makubwa ya ndege huzunguka juu ya gati kama moshi unaogeuka.

Siku mbili zinatosha kwa aliyejipanga. Ya kwanza na iwe ya kasri, vichochoro na Steine, ambayo sasa ni bustani yenye chemchemi na magari pande zote, bila ya wavu hata mmoja. Kisha na apande mpaka kanisa la Mtakatifu Nicholas, awatembelee Martha Gunn na Dean Mahomed, mzamishaji na mkandaji, watu wawili ambao mikono yao iliujenga mji huo kama walivyoujenga wafalme. Siku ya pili asubuhi na aende Chattri, na viatu vya kutembelea. Alasiri na apite chini ya matao yaliyo kando ya ufuo, ambako ipo makumbusho ndogo ya wavuvi, yenye mashua, nyavu na picha za watu waliokuwa wakipaita hapo kwao kabla tabibu hajaandika kitabu chake.

Mahali hapo pana somo kwa watu wa visiwa, ambao nao wanaona fuo zao zikihesabiwa vitanda. Brighton imepona kwa wageni, hakuna anayeweza kulikana hilo. Lakini nyumba zake leo ni za bei isiyoshikika kwa vijana wengi waliozaliwa humo, na nyavu zimo ndani ya makumbusho. Vilivyobaki mikononi mwa mji ni vile ambavyo wenyeji walivitia bei wenyewe, wakabishana juu yake, wakavilipia na kuvishika, kama walivyofanya kwa kasri. Steine haikuwahi kununuliwa na mtu, kwa sababu hakuna mvuvi aliyedhani kwamba kitu cha watu wote kinahitaji hati.